Sura ya Mwisho na Povu la Kidevuni

Fundi viatu alikuwa amelala fofofo kwenye kiti, mdomo wazi, shingo nje, na wembe unapita kooni mwake wala hana habari. Kinyozi aliyeushika wembe huo, ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika, alikuwa anatabasamu peke yake. Kwake yeye mteja kusinzia ndiyo ilikuwa shahada. "Mtu akilala kwenye kiti chako," alipenda kusema, "ujue mkono wako mwepesi. Akikodoa macho, ujue anakuogopa." Alishawalaza mapolisi, madereva, na hata mwenye nyumba aliyekuja asubuhi moja kugombana.

Kila alipokusanya povu kwenye wembe, alinyoosha mkono wa kushoto bila kutazama, akachomoa karatasi kwenye msumari uliokuwa pembeni mwa kioo, akafuta, akatupa ndooni. Ndivyo alivyofanya siku zote. Magazeti ya zamani, kalenda za mwaka jana, madaftari yaliyokwisha, vyote viliishia kwenye msumari ule. Jumapili hiyo mchana karatasi zilikuwa nzuri ajabu. Nene kidogo, laini, zinanyonya povu vizuri, na wino haushiki wembe.

"Leo umepata karatasi za wakubwa," alisema Kipara kutoka kwenye benchi. Huyu alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na kichwani hakuwa na unywele hata mmoja wa kuapia, lakini hakukosa kwa kinyozi hata siku moja. Alikuja kupakwa mafuta na kusikiliza ya watu.

"Nimezikuta rafuni. Kitabu fulani kichakavu, hata jalada hakina."

Ndipo binti yake Wembe alipoingia, bado kashika kalamu. Alikuwa kidato cha nne, mrefu kuliko baba yake, na mwendo wake wa haraka ulikuwa wa mama yake kabisa.

"Baba, kitabu changu cha Kiingereza nilikiacha hapa jana. Kile kisicho na jalada."

Mkono wa Wembe uliganda hewani, katikati ya msumari na kidevu. Fundi viatu alikuwa bado anakoroma.

"Baba?"

"Mwanangu," alisema Wembe polepole, "kitabu kama kitabu kipo."

Kilikuwepo kweli. Kilikosa sura ya mwisho tu.

* * *

Sasa, kosa hilo lilimuuma kila mtu mle ndani, na sababu yake ni hii. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa na dawa yake ya wanafunzi wavivu. Kila sura wanayosoma, ilibidi waende nyumbani wakamsimulie mtu kwa maneno yao wenyewe, kisha mtu huyo atie sahihi kwamba kasimuliwa na kaelewa. Wenzake wengi walijitilia sahihi wenyewe. Binti wa Wembe hakuthubutu. Na kwa kuwa mama yake alishinda na pasi mkononi, akinyoosha nguo za watu na taulo za kibanda, na hakutaka kelele, binti akaenda kusimulia kwa baba yake.

Sura ya kwanza walimsikiliza kwa heshima tu. Ya pili wakaacha habari za mpira. Ilipofika ya tano, walikuwepo watu wanaokuja kunyolewa nywele zilizonyolewa juzi, na kila mmoja alitaka naye atie sahihi.

Kitabu kilihusu muuguzi wa mji mdogo, mpole lakini mwenye msimamo. Alikuwepo mwoka mikate, tajiri na bahili, anayepima chumvi kwa kijiko cha mtoto. Na alikuwepo mkuu wa stesheni ya treni, kijana mwenye haya, aliyempenda muuguzi tangu mwanzo wa kitabu na hajawahi kufungua mdomo mbele yake ila kumtajia saa za treni. Baba yake muuguzi, mzee dhaifu asiyeweza kumfukuza hata kuku, alikuwa ameahidi kumwoza binti yake kwa mwoka mikate ili asitolewe kwenye nyumba ya tajiri huyo. Majina yao ya kigeni yaliwashinda watu wa kibanda, wakawaita Nesi, Mikate na Stesheni. Fundi viatu alimchukia Mikate kiasi kwamba aliacha kula mkate.

Jumamosi, sura ilikuwa imeishia ofisini kwa msajili wa ndoa. Mikate kavaa suti inayombana. Stesheni kasimama mlangoni, jasho linamtoka. Msajili kauliza swali lake, na Nesi kafungua mdomo ajibu. "Itaendelea kesho," binti alisema na kufunga kitabu, na wazee wazima nusura wampige.

Sasa hiyo kesho ilikuwa ndooni.

Na Jumatatu asubuhi kulikuwa na mtihani. Binti alishaanguka Kiingereza mara mbili mfululizo, na safari hii mwalimu hakumung'unya maneno. Maswali mengi yangetoka sura ya mwisho, na atakayeanguka tena hangesajiliwa kwa mtihani wa taifa. Angerudia darasa, akae dawati moja na watoto waliokuwa wanamwamkia.

* * *

"Ushahidi usiguswe!" Kipara alipaza sauti, akasimama. "Mwageni ndoo taratibu."

Ndoo ikamwagwa sakafuni. Zikatoka karatasi zilizosokotana, zimelowa povu, zimejaa ndevu. Kipara akazichambua kwa ncha za vidole na kuzibandika juu ya kioo, moja baada ya nyingine, mpaka kioo kikawa hakionyeshi mtu. Binti akasogeza uso karibu.

"Hapa pameandikwa... Hii ni nukta au unywele?"

"Ni unywele," alisema baba yake.

"Wa nani?"

"Wa kwangu huo," sauti ya fundi viatu ikajibu. Alikuwa ameamka, upande mmoja wa kidevu umenyolewa, upande wa pili una povu linalokauka. "Jamani, kuna nini? Nimelala, nimeamka, nakuta mnasoma ndevu zangu."

Alipoelezwa, akashika kichwa. "Kwa hiyo nimenyolewa na majibu ya Nesi?"

Neno moja tu lilisomeka vizuri, nalo lilikuwa hapana. Lakini nani alimwambia nani hapana, hakuna aliyejua, maana juu yake kulikuwa na sharubu na chini yake kulikuwa na sharubu.

"Tulia, mwanangu," alisema Kipara. "Mwisho unajulikana hata bila karatasi. Ndoa ile ni batili. Nesi hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Msajili anatupilia mbali shauri, na Mikate anashtakiwa kwa kulaghai."

"Wapi!" fundi viatu akaruka kitini. "Stesheni anaingia, anamtandika Mikate ngumi moja tu, suti inapasuka mgongoni. Andika hivyo, mama, suti inapasuka."

Wembe alikuwa anaukunja wembe wake na kuukunjua. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi naona baba yake asimame."

"Baba yupi?"

"Baba wa Nesi. Asimame mbele za watu aseme, kosa ni langu. Mwanangu, twende nyumbani."

Wakacheka wote. "Yule?" fundi viatu akasema. "Yule anayemwomba paka ruhusa ya kukaa kwenye kiti?"

"Mwalimu hataki mnavyoona nyinyi!" Binti alipiga mguu chini, na vicheko vikakatika. "Anataka kilichoandikwa. Mimi nilikuwa nimeshajua kila kitu, baba. Sura zote. Hii moja tu ndiyo ilikuwa imebaki." Akakaa kwenye benchi la wateja, akajifunika uso kwa mikono, akalia.

Wembe alishawahi kujikata, kuungua na kudondokewa na kioo, lakini hakuna kilichowahi kumchoma kama kilio kile. Aliona aibu mbele ya watu wake, na zaidi alijiona mjinga.

* * *

Mkewe alifika na mafurushi ya taulo kifuani. Habari zilikuwa zimemfikia njiani.

"Nimesikia umemnyoa mtu kwa kitabu cha mtoto."

"Sikumnyoa kwa kitabu. Nilifutia povu tu."

"Aa, kumbe povu tu! Basi kesho akifika darasani amwambie mwalimu, ni povu tu." Akatua taulo. Akamtazama binti, akakitazama kioo kilichovaa makaratasi, kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Kitabu kama hicho kipo pale."

Kila mtu akatazama chini. Mahali hapo hapakutajwa mle kibandani.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi mwingine, mwenye taa nyeupe, viti vinavyozunguka na mashine za umeme. Mwenyewe walimwita Mashine. Alikuwa mdogo wake mke wa Wembe, na kazi alijifunzia kwenye kibanda hiki hiki, akifagia nywele na kuchemsha maji, mpaka siku alipoaga vizuri na kwenda kufungua duka lake uso kwa uso na shemeji yake. Hilo lingesameheka. Lakini juu ya mlango wake aliandika kwa herufi nyekundu: HAPA HATUTUMII WEMBE. Tangu siku hiyo Wembe aliapa kwamba atakayemwona mle ndani ajue amebebwa, tena kwa machela.

"Mtoto wa mdogo wako ana kitabu?" Wembe aliuliza, kama hajui.

"Wako darasa moja, unajua vizuri. Wenzake wengine wote wanakaa mbali."

"Basi atumwe huyu akaazime."

"Nilishaenda," binti alisema, akijifuta machozi kwa pindo la taulo. "Nilipokuwa nakuja hapa nilipita kwanza nikamsalimu mjomba, nikamwomba tusome pamoja na dada jioni. Mjomba alisema hana ugomvi na mimi. Lakini akasema, baba yako akitaka kitu kwangu aje akiombe mwenyewe, mlango anaujua."

"Unaona?" Wembe aliwageukia wenzake. "Mnaona dharau hiyo?"

Hakuna aliyemuunga mkono. Kipara alijipapasa kichwa. Fundi viatu alijikuna upande wenye povu. Mkewe alianza kukunja taulo, moja moja, bila neno, na huyo mama akikunja taulo bila neno ilikuwa mbaya kuliko akipiga kelele.

Wembe akamtazama binti yake. Akavuta pumzi, akatoka.

* * *

Kwa haraka aliyotoka nayo, alisahau kuvua aproni, na alisahau pia kwamba mkononi bado kashika wembe, tena umekunjuliwa. Watu waliomwona anavuka barabara vile, uso umekaza, chuma kinameta, walijua leo ndiyo leo. Mwenye kibanda cha simu akafunga dirisha. Mwendesha baiskeli akashuka, akaisukuma.

Mashine alimwona kupitia kwenye kioo chake kikubwa. Akaiweka mashine chini, akarudi nyuma ya kiti chenye mteja. "Shemeji," alisema, "tuzungumze. Sisi ni watu wa familia moja."

"Nimekuja kuzungumza."

"Na hicho?"

Wembe akatazama mkono wake. "Aa! Samahani." Akaukunja wembe, akautia mfukoni. Mteja wa kitini akashusha pumzi, akaomba maji.

Nyuma yao watu wa kibanda walikuwa wameshafika: binti, mama yake, Kipara, na fundi viatu na kidevu chake nusu. Wakajipanga mlangoni. Wembe alijaribu kuongea, akakohoa, akajaribu tena.

"Shemeji, nimeharibu kitabu cha mtoto. Nimekichana kwa mkono wangu mwenyewe. Kesho ana mtihani. Nakuomba, kwa hisani yako, uniazime cha mwanao."

Mashine akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Pengine alikuwa amejiandalia maneno mengi ya siku hii, na sasa yamemponyoka. "Umekichana kufanyia nini?"

"Kufutia povu," fundi viatu akajibu kwa niaba, akaonyesha kidevu.

Duka zima likaangua kicheko. Hata mteja aliyeomba maji alicheka. Wembe alisimama tu katikati ya taa zile nyeupe, masikio yamemwiva, lakini hakuondoka.

"Kitabu kipo," alisema Mashine alipomaliza kujipangusa macho. "Ila hakitoki hapa. Kikivuka barabara tu, kesho kitamfutia mtu makwapa. Atasomea hapa hapa. Na kuna sharti moja."

"Sema."

Mashine akazungusha kiti kitupu, akakipigapiga kwa taulo. "Ukae hapa. Nikunyoe."

Mlangoni watu wakaguna. Kichwa cha Wembe hakikuwahi kuguswa na kinyozi mwingine. Alijinyoa mwenyewe kwa vioo viwili, na nyuma alinyolewa na mkewe, ambaye hakuwa kinyozi, na ilionekana.

"Hilo tu?" Wembe alisema, akajipapasa kisogo.

"Hilo tu. Miaka yote niliyofagia nywele zako, shemeji, hukuwahi kunipa kichwa chako hata nikichane."

Wembe akavua aproni, akamkabidhi mkewe kama mtu anayeingia mahabusu, akaketi.

* * *

Kitabu kililetwa na binti wa Mashine, kimefungwa vizuri ndani ya mfuko. Kilipofunguliwa kililia, maana hakijawahi kufunguliwa.

"Wewe!" Mashine akamgeukia mwanawe. "Mtihani kesho!"

"Nilikuwa nimemwachia dada anisimulie," msichana alisema, akakaa karibu na binamu yake harakaharaka.

Binti wa Wembe akatafuta ukurasa. Akakohoa. Akasoma sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, akaigeuza kwa Kiswahili, na watu wakasogea. Mikate alikuwa bado ndani ya suti yake, Stesheni bado mlangoni, na mdomo wa Nesi bado wazi tangu jana.

Mashine alishika kichwa cha shemeji yake kwa vidole viwili, akakiinamisha mbele. Mashine ya umeme ikaanza kunguruma. Wembe alikaza meno, akajiandaa kuhesabu makosa. Alikuwa na hakika yatakuwa mengi. Mashine ilianzia kisogoni, ikapanda taratibu, ikazunguka nyuma ya sikio pale penye mfupa, mahali ambapo vinyozi wengi hukwaruza. Haikukwaruza. Ilipita tena. Ilikuwa na joto fulani la upole. Sauti ya binti yake ilikuwa inasoma bila kukwama, sauti nzuri, ya mtu mzima, na Wembe alifikiri, huyu kweli ni mwanangu, halafu akafikiri, vidole hivi nilivifundisha mimi, halafu akaamua kufumba macho kidogo tu, apate kusikiliza vizuri.

Alizinduliwa na makelele. Watu walikuwa wamesimama. Fundi viatu alikuwa ametupa kofia ya mtu chini. Kipara alikuwa anapiga kelele kwamba atakata rufaa. Binti alikuwa amefunga kitabu, macho yanang'aa.

"Vipi, shemeji?" Mashine aliuliza, akimshikia kioo nyuma ya kichwa. Alikuwa anang'ata mdomo wa chini. "Umeonaje?"

Wembe akajifuta mate pembeni mwa mdomo. Kichwa kilikuwa kimenyolewa sawasawa kuliko alivyowahi kukiona. "Si mbaya," alisema.

"Nauliza mwisho wa kitabu."

"Aa, mwisho! Mwisho mzuri sana ule."

"Ulisikia lakini? Maana tulisikia mkoromo."

"Mkoromo? Mimi? Nilikuwa nimefumba macho nisikilize. Mambo mazito husikilizwa kwa kufumba macho."

Kipara akasogea, uso mkavu kama yuko kizimbani. "Mimi kilichonishangaza ni yule tembo alipoingia ofisini kwa msajili."

"Hata mimi!" Wembe akatikisa kichwa. "Tembo yule sikumtegemea kabisa."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka mwisho wa barabara. Mkewe alikaa chini kwa kucheka, na aproni ya mumewe akajifunika uso. Binti alicheka pia, machozi ya mchana bado hayajakauka vizuri, kisha yeye na binamu yake wakachukua kitabu, wakaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya duka kujiandaa na mtihani. Walisoma mpaka jua likaondoka kwenye ngazi.

* * *

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Wembe hakulala, maana alingoja matokeo, na mchana hakutulia, maana hakujua Nesi alijibu nini. Angemuuliza nani? Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba alilala, na tena alilala kwa mkono wa Mashine. Alijaribu kuwatega. "Mikate naye alipata alichostahili," alimwambia Kipara. "Tembo hakumwacha," Kipara akajibu. Akajaribu kwa mkewe, "Masikini Stesheni." Mkewe akasema, "Masikini wewe."

Fundi viatu naye alitembea siku nzima ya pili na kidevu nusu, kwa sababu kila alipokaa kitini Wembe alikuwa anaangalia barabarani kama binti yake anarudi. Mwishowe alikwenda ng'ambo kumaliziwa. Wembe alimwona, na kwa mara ya kwanza hakutukana.

Mchana wa siku ya matokeo, binti hakuja peke yake. Alikuja na mwalimu wa Kiingereza, mtu mwembamba mwenye shati la mikono mirefu na ndevu zilizoachwa muda mrefu. Wembe akasimama wima. Mwalimu akija mwenyewe, ama ni kitabu cha shule, ama ni mtoto.

"Mwalimu, karibu. Kitabu nitakilipa. Binti mwenyewe ameshainakili sura ile kwa mkono na kuibandika mle ndani, lakini nitakilipa."

"Sikuja kwa ajili ya kitabu," alisema mwalimu, akitazama pembeni, kwenye msumari. "Nilitaka kuona mahali panapotiwa sahihi. Kwenye daftari la binti yako sahihi ni nyingi mno kwa mtu mmoja, nikadhani ananidanganya." Akaketi kitini, akainua kidevu. "Na ndevu pia. Amefaulu, usihangaike. Amefaulu vizuri."

Wembe akageukia ukutani kidogo, akajifanya anatafuta sabuni iliyokuwa mkononi mwake. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na taulo, alipiga kigelegele kilichomfanya Mashine atoke dukani kwake na kuvuka barabara mbio, mashine bado mkononi.

"Kulikuwa na swali la mwisho," mwalimu aliendelea, povu likipakwa. "Niliwaambia waandike mwisho mwingine, ambao wao wanaona ungefaa zaidi, na watoe sababu. Wengi waliandika ngumi."

"Suti inapasuka," fundi viatu akanong'ona kwa uchungu.

"Huyu akaandika kwamba baba wa yule muuguzi anasimama mbele za watu wote, anasema kosa ni langu, mwanangu, twende nyumbani. Nikamuuliza darasani, kwa nini mzee dhaifu vile asimame ghafla? Akaniambia husimama. Akasema amemwona kwa macho yake, akivuka barabara."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wembe alimtazama binti yake, na binti akatazama vidole vya miguu yake. Furaha ilimjaa Wembe, na brashi ya sabuni ikampaka mwalimu povu mpaka sikioni.

Akaona kama wakati ndio huo, haya basi. Akamgeukia Mashine.

"Shemeji."

"Naam."

"Siku ile nililala."

"Sikukusikia vizuri," alisema Mashine, akisogeza sikio.

"Nimesema nililala! Fofofo. Mkono wako mwepesi. Umeridhika sasa? Kila mtu ameridhika?" Akavuta pumzi. "Sasa mwanangu, nihurumie. Nesi alisema nini?"

Binti akatabasamu. "Alisema hapana, baba. Akachukua mkoba wake, akatoka, akapanda treni peke yake, akaenda kufanya kazi mji mwingine."

"Na Stesheni?"

"Stesheni alimkimbilia mpaka dirishani mwa treni. Akafungua mdomo." Binti akanyamaza kidogo, kwa makusudi. "Akamtajia saa ya treni."

Wembe akasubiri. "Halafu?"

"Basi. Kimeisha."

"Kimeisha? Nimekwenda kukaa kwenye kiti cha huyu, nimenyolewa mbele ya mtaa mzima, kwa ajili ya hicho? Wangu ulikuwa mzuri zaidi! Mwalimu, sema kweli, wangu haukuwa mzuri zaidi?"

Mwalimu hakujibu. Kichwa kilikuwa kimelalia nyuma, mdomo wazi, na mkoromo mwembamba ulikuwa unapuliza povu kwenye sharubu zake. Wembe akamtazama Mashine kwa kiburi, Mashine akainua mikono, ameshindwa. Wote wakanyamaza wasimwamshe.

Wembe akapitisha wembe mara moja chini ya shavu, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye msumari, akachomoa karatasi. Mkono ukasimama. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama mbele, akaigeuza, akaitazama na nyuma. Lilikuwa gazeti. Akafuta povu.